Kilio cha Saa Kumi na Moja

Niliacha shule darasa la sita na sijawahi kuona sababu ya kuirudia. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni wa magunia sokoni Kisumu, nikaingia kwenye kushika spana, na leo nina mashine tatu za kusaga unga. Moja iko mtaani Manyatta, hapa Kisumu, na nyuma yake ndiyo nyumba yangu. Ya pili iko Katito, ya tatu Kombewa. Zote nilizinunua zikiwa zimekufa nikazifufua kwa mikono hii. Kuna watu wenye vyeti vya kutundika ukutani ambao huniita mashine yao ikikataa. Mimi huenda, nainama, naweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, nasikiliza kidogo, halafu nawaambia ni beringi ya upande wa kushoto. Na huwa ni ya upande wa kushoto. Sijisifu, nasema tu jinsi mambo yalivyo.

Nimeanza hivyo ili msomaji ajue ni mtu wa aina gani aliyeshindwa na kitu chenye kilo nne.

Huyo alikuwa mwanangu wa nne, kitinda mimba, aliyekuja miaka kumi na miwili baada ya ndugu zake, wakati mimi na mama yake tulikuwa tumeshagawia majirani nepi na beseni. Nilifurahi sana. Nilifurahi mpaka nikampa jina langu mwenyewe, la kanisani na la nyumbani, yote mawili, kwa sababu nilitafuta jina bora kuliko hilo nikalikosa. Kwetu Wajaluo mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha kufa. Hilo nilijua. Lakini sikuona kwa nini mtoto asubiri mimi nife ndipo afaidi.

Wiki mbili alilala kama mgeni mwenye adabu. Wiki ya tatu, jioni moja, nilikuwa nafungua mkanda wa mashine nikasikia kilio kinatoka nyumbani. Nikatazama saa: kumi na moja kamili. Nikafikiri ananyonyeshwa, atanyamaza. Nilipofika, mama yake alikuwa amemshika begani anatembea kutoka mlangoni hadi kabatini, kutoka kabatini hadi mlangoni. Mtoto alikuwa amekunja ngumi, magoti yamevutwa hadi tumboni, uso umeiva mpaka umekuwa zambarau, na tumbo ukiligusa ni gumu kama gurudumu lililojazwa upepo kupita kiasi. Akipewa titi analikataa, analitaka, analikataa tena. Alilia hadi saa mbili. Kisha akanyamaza kama mtu aliyemaliza zamu, akanyonya, akalala.

Kesho yake saa kumi na moja, akaingia kazini tena.

Mimi ni fundi, na fundi halii na kinacholia. Nilianza kama ninavyoanza na mashine yoyote. Kwanza mafuta: amenyonya? Amenyonya. Pili, kuna kitu kimekwama? Nikamvua nguo zote nikatafuta pini, sisimizi, uzi uliozunguka kidole cha mguu. Hakuna. Tatu, joto. Hana homa. Nne, nikaweka sikio langu kwenye tumbo lake, bila bisibisi, mke wangu asije akasema nilitumia bisibisi. Nikasikia mlio kama wa maji yanayoingia kwenye bomba lenye hewa.

"Ni gesi," nikamwambia.

"Haya," akasema.

"Nitaitoa."

"Haya."

Mke wangu ana namna yake ya kusema haya. Ni neno fupi lakini ukilifungua ndani kuna maneno mengi.

Nilijaribu kumweka juu ya goti. Nilijaribu kumpepea. Nilimbeba hadi barabarani akaone pikipiki, na waendesha boda wote wa kona yetu wakajua kwamba mzee wa mashine ana mtoto mwenye sauti. "Mzee, huyo atakuwa mhubiri," akasema mmoja. "Huyo ni mbunge," akasema mwingine, "sikiliza vile hataki kukaa chini." Kina mama wa foleni ya unga wakaanza kutoa ushauri, na ushauri Manyatta hauna kipimo. Huyu akasema mama aache maharage. Yule akasema aache omena, dagaa wetu wa ziwani. Wa tatu akasema aache kabichi, na wa nne akasema kuna mwanamke amemtazama mtoto kwa jicho baya, halafu wote wakatazamana. Mke wangu akaacha maharage, omena na kabichi. Akabaki na ugali, chai na uchovu, na mtoto akaendelea kulia saa ile ile.

Jambo moja mke wangu alinieleza siku hizo, na sikulisikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimeshughulika. Alisema, "Baba Watoto, nimeshaona haya. Yataisha." Nilidhani anasema ameyaona kwa majirani.

Basi nikampigia simu waya. Waya kwetu ni shangazi, dada wa baba, na huyu wangu si shangazi wa kusalimia tu. Mama yangu alipofariki nikiwa kichanga, waya ndiye aliyenichukua kwake karibu na Katito, akanilisha, akanichapa, akanifunza kusalimia watu. Sijawahi kumpinga. Mimi ambaye hubishana na wenye mahindi, na askari wa barabarani, na hata padri mmoja, mbele ya waya huwa navua kofia na kukaa kwenye kigoda.

Alikuja Ijumaa, na kikapu. Akasubiri saa kumi na moja ifike, akamsikiliza mtoto mwanzo hadi mwisho, mikono mapajani, kama mtu anayesikiliza kesi. Kisha akatoa hukumu, na zilikuwa mbili.

"Ya kwanza," akasema, "umempa mtoto jina la mtu anayetembea. Nani alikufunza hivyo? Wafu wako wamekaa huko wanangoja kukumbukwa, na wewe unajikumbuka mwenyewe. Huyu analilia jina lake. Kesho tutaita majina ya watu wetu mmoja mmoja. Akisikia la kwake atanyamaza."

Hilo halikunishangaza. Ni desturi ya zamani kwetu. Mtoto akilia bila sababu huitiwa majina ya waliotangulia mpaka anyamaze kwa mmoja, na jina hilo linakuwa lake. Nimewaona wazee waliopata majina yao hivyo, na hawakudhurika.

"Na ya pili?"

"Ya pili, maziwa ya nyar Seme ni mepesi." Nyar Seme, binti wa Seme, ndivyo anavyomwita mke wangu, kwa sababu kwao ni upande wa Kombewa. "Mtoto wa kiume hashibi maji. Nimekuja na unga wa wimbi na dawa ya mizizi. Kesho jina likishapatikana tunampa uji mwepesi, kijiko kimoja kimoja. Atalala."

Mtoto alikuwa na wiki sita.

Mke wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Hakuinua sauti. "Waya," akasema, "majina mtaje hata yote yaliyoko kaburini. Jina halipiti kooni. Lakini huo uji hapana."

"Mimi nimelea watoto tisa," akasema waya, "na huyu mume wako ni mmojawapo."

"Ninajua, waya. Na ninakushukuru kwa huyo mmoja."

Waya alipotoka kwenda kunawa, mke wangu akanigeukia. "Sikiza vizuri, maana nitasema mara moja. Kijiko cha uji kikifika kwenye mdomo wa huyu mtoto, mimi na yeye tunaenda Kombewa kwa mama. Hutatuona hapa mpaka uelewe ni maziwa ya nani yaliyokukuzia watoto watatu." Akachukua begi la bluu lililokuwa chini ya kitanda, akaingia nalo chumba cha pili, akatoka nalo limejaa, akalitundika kwenye msumari mlangoni. Lilikuwa limetuna. Ninalikumbuka begi lile kuliko ninavyokumbuka harusi yangu.

Mke wangu hatishii. Miaka ishirini ya ndoa, amesema mara moja kwamba ataacha kupika kama sitaacha kuingia jikoni na viatu vyenye grisi. Nilikula mkate siku nne.

Jumamosi stima ilipotea, umeme wa mtaa mzima, kuanzia saa sita mchana. Manyatta hilo si jambo la kuandika, ila siku hiyo lilikuwa na kazi yake. Foleni ya unga ilikaa tu mbele ya mashine, kina mama na gorogoro zao, mikebe ya kupimia mahindi, wakingoja. Mwanamke anayeniendeshea mashine alikaa nao akipiga hadithi. Sisi tulikuwa ndani, nyuma ya ukuta: waya kwenye kiti chenye mikono, mimi kwenye kigoda, mke wangu karibu na mlango na begi lake likining'inia juu ya kichwa chake. Juu ya meza kulikuwa na kikombe cha uji kilichofunikwa kwa kisahani, kinapoa.

Saa kumi na moja mtoto akaanza. Hakuchelewa hata dakika moja. Ingekuwa ni mfanyakazi wangu ningempandisha cheo.

Waya akamchukua, akamkalisha mapajani, akamwinamia sikioni. Akaanza na babu yangu, mtu aliyeheshimiwa, aliyekuwa na ng'ombe na wake wanne. Mtoto akapiga kelele zaidi. Akamwita babu wa babu, ambaye inasemekana alimpiga kiboko kwa mkuki pale mdomoni mwa mto. Mtoto akajikunja kama upinde. Akamwita kaka yake yeye mwenyewe, yule mkubwa, aliyekuwa mwalimu wa katekisimu. Hakuna. Akaita wavuvi, akaita waganga, akaita askari mmoja aliyerudi kutoka vita vya wazungu akiwa na koti. Kila jina zuri la ukoo wetu lilipita, na mtoto akayakataa yote kwa sauti moja. Nilianza kuona aibu mbele ya mke wangu. Ukoo mzima na hakuna hata mmoja anayetakiwa.

Waya alitulia, akapangusa jasho. "Amebaki mmoja," akasema.

"Nani?"

"Unamjua."

Nilimjua. Ni ndugu mdogo wa baba yangu, marehemu, mtu ambaye alikula kuku wa kila boma kutoka Katito hadi mtoni na hakuwahi kununua hata mmoja. Aliwahi kukamatwa na manyoya mdomoni akasema alikuwa anachokoa meno. Tulipomzika watu walilia, lakini walihesabu kuku waliporudi nyumbani.

"Waya, si huyo."

"Sio mimi ninayechagua." Akainama, akaita jina lake, pole pole, mara mbili.

Mtoto akanyamaza.

Akanyamaza kabisa. Akafungua ngumi, akafungua macho, akatazama ukuta. Waya akatoa kigelegele kimoja kirefu, na kina mama wa foleni nje wakamjibu bila kujua wanashangilia nini. Mke wangu akaweka mkono mdomoni. Hata mimi nywele zilisimama, za hapa shingoni, kwa sababu juu sina.

Lakini sikio langu si la bure. Nilisikia kitu chini ya kigelegele. Ukuta ulikuwa unanguruma. Stima ilikuwa imerudi, na yule mwanamke wangu wa mashine, bila kupoteza muda, alikuwa ameiwasha. Ule mngurumo wa mota na mawe ulikuwa unapita kwenye matofali, kwenye sakafu, kwenye miguu ya kiti cha waya, hadi kwa mtoto.

Nilitoka kama mtu anayeenda msalani, nikazunguka mbele, nikamwambia yule mwanamke, "Zima kidogo."

"Mzee, hawa watu wamekaa hapa tangu saa sita."

"Zima, nahesabu mpaka hamsini."

Akazima. Kabla sijafika kumi, kilio kikatoka nyuma ya ukuta. Nikasikia waya akiita lile jina kwa nguvu. Nikafika hamsini. "Washa." Akawasha. Ukimya. "Zima." Kina mama wakaanza kunung'unika, mmoja akauliza kama mzee amekunywa. Kilio. "Washa." Ukimya.

Nilirudi ndani nikiwa na furaha ya mtu aliyepata beringi. Waya alikuwa amekunja uso.

"Anasitasita," akasema. "Anaingia, anatoka. Ndivyo alivyokuwa hata akiwa hai. Hukujua kama amekaa au ameondoka mpaka uhesabu kuku."

Ningemweleza, lakini mke wangu alikuwa ananitazama, na niliona amejua. Miaka ishirini nyuma ya ukuta ule, anaijua mashine inapozimwa na inapowashwa. Mdomo wake ulikuwa unacheza kidogo upande mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anakaribia kucheka tangu mtoto aanze.

Kisha waya akanyoosha mkono kwenye meza, akaondoa kisahani.

"Jina limepatikana," akasema. "Sasa tumbo."

Mdomo wa mke wangu ukaacha kucheza. Alisimama, akamchukua mtoto kutoka mapajani mwa waya, kwa adabu, mikono miwili, akamfunga kifuani kwa leso. Akainua mkono, akashika kamba ya begi.

Sasa nataka msomaji anielewe. Upande huu ni mwanamke aliyenilisha nilipokuwa sina mtu. Upande ule ni mwanamke aliyenizalia wanne na hajawahi kunidanganya, ila kuhusu ladha ya chai yangu. Kikombe kiko katikati. Kichwa changu, ambacho kimefufua mashine tatu, hakikuwa na kitu ndani. Mkono ndio uliofikiri. Niliuona unaenda, unachukua kikombe kutoka kwa waya, na uji wote ukaingia kinywani mwangu, mwepesi, mchungu kwa ile mizizi, hadi tone la mwisho. Nikapangusa mdomo.

Waya alichungulia ndani ya kikombe. "Huo ulikuwa wa mtoto."

"Yaani wa mwenye jina langu, waya. Nilidhani bado ni mimi."

"Wewe nilikunywesha uji huo ukiwa na wiki tatu, na hukufa."

"Sikufa. Lakini mpaka leo tumbo langu linajulikana Manyatta nzima, na wewe unajua."

Hilo alilijua, maana alilala chumba cha pili usiku uliopita. Kona ya mdomo wake ililegea. Nikapiga goti, mimi, mtu wa mashine tatu. "Waya, Jumatatu nampeleka kliniki mimi mwenyewe. Sista akisema maziwa ya mama yake ni mepesi, nitakuja kukuchukua na gunia zima la wimbi. Akisema mengine, tumsikilize."

Akafikiri. "Mwenyewe, kwa miguu yako?"

"Mwenyewe."

"Hiyo nataka kuiona," akasema waya. Mke wangu akaachilia kamba ya begi. Hakulishusha kwenye msumari, ila aliliachilia.

Jumatatu tulikaa kwenye benchi, wanawake kumi na wanane na mimi. Mmoja alisogea anipe nafasi kama anavyosogezewa mgonjwa. Sista alikuwa mwanamke mnene wa makamo, na miwani iliyoning'inia kifuani. Akampima mtoto kwenye mizani, akatazama kadi, akamtazama mke wangu.

"Amepanda vizuri sana. Unamlisha nini?"

"Maziwa yangu tu."

"Endelea."

Nikamwomba arudie hilo la mizani, ili nilishike vizuri nimpelekee mtu. Akarudia. Kisha nikamweleza juu ya kilio, saa, magoti, tumbo, mngurumo wa bomba. Nilieleza vizuri. Alisikiliza, akamvua mtoto, akamkagua kinywa, masikio, kinena, akambonyeza tumbo. Akauliza kama ana homa, kama anatapika kitu cha kijani, kama kuna damu kwenye choo, kama anakataa kunyonya siku nzima au analegea kama kitambaa. Tukasema hapana kwa kila moja. Akasema siku tukisema ndiyo hata kwa moja, tusimtafute shangazi wala jirani, tuje mbio.

"Basi hii ni koliki," akasema. "Wengine wanaita msokoto wa tumbo. Watoto wengi wazima, wanaonyonya vizuri na kunenepa, hulia hivi, zaidi jioni. Kwa nini hasa, hata daktari hana jibu moja. Si maziwa ya mama. Mama hajakosea, na mwache ale chakula chake. Inaanza hivi, inazidi karibu na wiki ya sita, halafu inapungua yenyewe. Miezi mitatu, minne, utashtukia haipo."

"Dawa yake?"

"Usimpe kitu. Wala uji, wala mizizi, wala zile chupa za dukani. Mshike wima akinyonya na baada ya kunyonya, mpaka abeue. Mbebe. Tembea naye. Mwogeshe maji ya vuguvugu. Punguza kelele na watu."

Hapo nikamweleza kuhusu mashine. Nilingoja ashangae. Hakushangaa. Akasema watoto wengine hupenda mngurumo, labda unawakumbusha tumboni, lakini nisimpeleke karibu na mashine yenyewe kwenye vumbi la unga na kelele. Nyuma ya ukuta, mbali kidogo, inatosha. "Na haitafanya kazi kila siku," akaongeza, na hapo alinikosea heshima kidogo, lakini alikuwa na haki. Ilifanya kazi siku tano. Ya sita mtoto alilia mashine ikinguruma.

"Basi natengeneza nini?" nikamuuliza.

"Hutengenezi, mzee. Hii ni ya kungoja." Akavaa miwani yake akanitazama vizuri. "Akilia, nani humshika?"

Nikamtazama mke wangu.

"Nimeuliza kwa sababu hii ndiyo dawa niliyonayo. Mpokezane. Mtu mmoja akisikia kilio hiki kwa muda wa saa tatu kila siku, kichwa kinachemka. Kikichemka, usimtikise mtoto hata kidogo. Mlaze chali mahali salama, toka nje, pumua, rudi. Kulia hakumuui. Kutikiswa kunaweza."

Mke wangu alikuwa anatazama sakafu, na nilimwona akipumua kama mtu aliyetua mtungi.

Tulirudi kwa tuktuk. Njiani nikasema, kwa sababu huwa siwezi kunyamaza, kwamba ajabu ni huyu tu, wale watatu wa kwanza hawakulia hivi.

"Wa pili alilia hivi," akasema.

"Wa pili?"

"Miezi mitatu na nusu. Kila jioni. Wewe ulikuwa unafungua ile ya Katito. Ulikuwa unaingia saa tatu usiku, unamkuta amelala, unasema mtoto huyu ni mtulivu, amefanana na baba yake."

Nilikumbuka maneno hayo. Niliyasema mara nyingi, hata kwa wateja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ulisema ni gesi."

Dereva wa tuktuk alikohoa, na nikajua anacheka.

Kuanzia jioni hiyo zamu ya saa kumi na moja ikawa yangu. Kufunga mashine nilimwachia yule mwanamke, na mambo hayakuharibika, jambo lililonishangaza na kunichukiza kidogo. Nilimpokea mtoto, mke wangu akatoka kwenda kukaa kwa jirani, au kuoga bila haraka, au kulala tu. Mimi nikatembea. Nilitembea nyuma ya ukuta, nikatembea hadi kwa wauza samaki wa kukaanga na kurudi. Nilimwambia mtoto habari ya kila mashine niliyowahi kufufua, kwa mpangilio, tangu ya kwanza. Alilia kwenye zote. Siku mbili nilimlaza chali kitandani nikatoka nje nikashika mti wa mwarobaini kwa mikono yote miwili, nikapumua kama sista alivyosema, nikarudi. Hilo siwaambii watu barazani, lakini naliandika hapa kwa sababu kuna mwanamume mahali anayeshika mti sasa hivi anadhani yuko peke yake.

Waya alirudi baada ya wiki mbili kukagua. Nilimpa ripoti ya mizani. Alitikisa kichwa, hakuomba msamaha, na sikutarajia. Lakini saa kumi na moja ilipofika alinitazama ninavyotembea, akasema, "Leta hapa, unambeba kama betri ya lori." Akamlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kwenye kiwiko, miguu ikining'inia huku na huku, kiganja chini ya tumbo, akaanza kuyumba taratibu. Mtoto akabeua kama mzee aliyetoka matangani. Kilio kikashuka hadi manung'uniko. Waya akanifunza mkono huo, na ndio uliotufikisha mwisho. Sista naye nilipomwonyesha alisema ni mzuri. Nilimwambia ni wa ukoo wetu.

Na mwisho ulikuja hivi. Jioni moja, mtoto akiwa na miezi mitatu na siku kadhaa, nilinawa grisi, nikajiweka tayari, nikamlaza mkononi, nikangoja. Saa kumi na moja. Na robo. Na nusu. Alikuwa ananitazama. Kisha akacheka, bila meno, kama yule babu yake mdogo aliyeshikwa na manyoya.

Kesho yake hivyo hivyo. Waya, kwa simu, akasema ni jina. Mama mkwe, kwa simu kutoka Kombewa, akasema ni maombi yake. Waendesha boda wakasema mbunge amekosa kura. Mimi nasema ni mkono na mashine na miguu yangu, na wiki zenyewe zilisaidia kidogo. Jina langu liko kwenye cheti chake, lakini waya humwita kwa lile la mla kuku, na nimeanza kufunga banda mapema.

Begi la bluu lilikuwa bado kwenye msumari. Sikuwahi kuligusa muda wote ule. Kila nilipopita mlangoni na mtoto niliinamisha kichwa lisiniguse. Jumapili moja mke wangu alikuwa uani anaanika nguo, nikajipa moyo, nikalishusha, nikafungua zipu.

Lilikuwa limejaa magunia matupu ya unga. Yangu, ya mashine ya Manyatta, yamekunjwa vizuri. Hakuna leso wala nepi hata moja.

Nikatoka nalo nje. "Mama Watoto, ulikuwa unaenda Kombewa na magunia?"

Alikuwa na pini ya nguo mdomoni. Akaitoa. "Siku ile nguo zote zilikuwa kwenye kamba, hazijakauka."

"Kwa hivyo hukuwa unaenda."

Akaning'iniza nepi, akainyoosha kwa kiganja. "Nilikuwa naenda," akasema. "Nguo ungeniletea wewe."